Kibo Kushoto, Mawenzi Kulia: Taarifa za Wazi Zinavyomfichua Tapeli wa Mtandaoni

Mgeni ametua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, saa mbili usiku, amepita uhamiaji, ametoka na begi mgongoni, anatafuta kibango chenye jina lake. Hakipo. Anasubiri mpaka uwanjani wanabaki madereva wa teksi na walinzi. Kesho yake asubuhi anafika Moshi, kwenye ofisi ndogo ya utalii jirani na mnara wa saa, mkononi ana risiti ya malipo ya awali ya kupanda mlima Kilimanjaro siku saba kwa njia ya Machame. Mama mwenye kampuni anafungua daftari la wageni. Jina halimo. Mgeni anampa simu aone mwenyewe: nembo ni yake, wapagazi pichani ni wake, hata yeye mwenyewe mama yumo, amesimama kwenye lango la Machame. Tofauti ni moja tu. Kwenye anwani ya tovuti kuna kistari katikati ya maneno mawili, na kampuni ya mama haijawahi kuwa na kistari.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na visa kadhaa vya aina moja, na majina nimeyaacha nje kwa makusudi, kwa sababu walioumia wanastahili kusitiriwa. Lakini swali la mama ni lile lile analouliza kila aliyeibiwa mtandaoni: "Sasa mwanangu, utamjuaje mtu usiyemwona, na kuvunja sheria hutaki?"

Anajulikana kwa alama anazoziacha mahali ambapo kila mtu ana ruhusa ya kutazama: kwenye rejista za majina ya tovuti, kwenye matangazo ya zamani, kwenye picha alizozipachika kwa mkono wake. Wenye fani huiita kazi hii OSINT. Kwa Kiswahili naiita uchunguzi wa vyanzo vya wazi, yaani kukusanya, kulinganisha na kuthibitisha taarifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzifikia kihalali, bila kuiba nywila ya mtu. Wengi wanadhani ugumu wake uko kwenye kutafuta. Hapana. Kutafuta kunaweza kuwa kazi ya dakika kumi. Ugumu ni kuhakikisha kwamba alama mbili zisizojuana zinasema jambo moja, halafu kujua pa kusimama.

Wala kazi hii haikuletwa na intaneti. BBC ilianza kusikiliza na kunakili matangazo ya redio za nchi nyingine mwaka 1939, Marekani ikafuata mwaka 1941. Na sisi wa kanda hii mfano tunao mlangoni. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa Arusha katika jengo la mikutano la AICC, tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ya uchochezi ya RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa kanda za matangazo yaliyosikiwa na kila mwenye redio, na magazeti yaliyouzwa hadharani. Hakuna aliyevunja kabati ili kuyapata maneno yale. Yalikuwa yamesemwa mbele ya nchi nzima. Kilichohitajika ni mtu wa kuyarekodi, kuyatunza, kuyatafsiri, na kusimama mbele ya majaji akaeleza hii ni ya tarehe gani na sauti ni ya nani.

Turudi kwenye kistari. Kila jina la tovuti lina rejista yake, kama kiwanja kilivyo na hati. Majina yanayoishia na .tz yana rejista yake ya taifa. Yale ya .com na mengine mengi ya kimataifa unayauliza kupitia mfumo unaoitwa RDAP, ambao tangu Januari 2025 umechukua rasmi nafasi ya mfumo wa zamani wa WHOIS. Zamani rejista ilikuonyesha jina la mwenye tovuti, simu yake, mpaka sanduku la posta. Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, sehemu kubwa ya hayo imefunikwa. Lakini hata jina la mwenye kiwanja likifunikwa, tarehe ya hati inabaki. Tovuti yenye kistari ilijitangaza kwamba inapandisha wageni "tangu 2004". Rejista ilisema jina hilo lilisajiliwa siku 19 kabla mgeni hajalipa. Nikaingia Wayback Machine, hazina ya sura za zamani za tovuti iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Tovuti ya mama ipo, mwaka hadi mwaka, mpaka ile ya kwanza kabisa yenye maandishi ya kijani na picha moja ya twiga. Ya kistari haipo hata ukurasa mmoja.

Hiyo ni alama, bado si ushahidi wa wizi. Kampuni halali nazo hubadili jina, na kila tovuti iliwahi kuwa na siku 19.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni vyeti, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Ili kivinjari kisimpigie mgeni kelele kwamba tovuti si salama, tovuti lazima iwe na cheti, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba anwani ile ni yake kweli, kutoka kwa mtoaji vyeti anayeaminika. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya mtoaji mmoja wa Uholanzi, DigiNotar, wakajitengenezea vyeti vya uongo, kikiwemo cha Google, vikatumika kuwachungulia watumiaji wa Iran. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka huo huo. Watu wakajiuliza: imewezekanaje cheti cha Google kitolewe bila Google kujua? Jibu lilikuwa kwamba vyeti vilitolewa gizani. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa daftari la wazi: kila cheti kiandikwe kwenye daftari ambalo ukishaandika hufuti, na ambalo dunia nzima inaweza kulisoma. Chrome ilianza kuudai utaratibu huo kwa vyeti vyote vipya mwaka 2018. Leo ukifungua crt.sh, tovuti ya kulisomea daftari hilo, ukaandika jina la tovuti yoyote, unaona vyeti vyake na tarehe zake. Maana yake ni kwamba tapeli anayetaka kuonekana mwaminifu analazimika kwanza kuandikishwa.

Cheti cha tovuti ya kistari kilibeba na majina mengine matatu. Moja lilikuwa la kuuza safari za kuwaona sokwe Uganda, moja la nyumba za likizo ufukweni Mombasa, na la tatu safari za Serengeti. Nilifurahi haraka mno. Kampuni ya kukodisha seva inaweza kuweka wateja wasiojuana kwenye cheti kimoja, kama wapangaji wa nyumba moja wanaochangia mita ya umeme ya Luku. Kuchangia Luku si undugu. Ukimshitaki mpangaji wa chumba cha tatu kwa kosa la mpangaji wa chumba cha kwanza, umemdhulumu. Kwa hiyo nikatafuta alama nyingine isiyotegemea cheti, nikaipata kwenye namba ya WhatsApp: ile ile kwenye tovuti ya kistari na kwenye ile ya sokwe. Nyumba za Mombasa hazikuwa na uhusiano wowote niliouona, nikaziondoa kwenye kumbukumbu zangu siku hiyo hiyo.

Kuna alama nyingine ambayo matapeli wa kunakili tovuti huisahau mara nyingi. Wanaponyofoa ukurasa mzima, wanachukua na kile kipande cha msimbo ambacho mwenye tovuti alikiweka ili kuhesabu wageni wake. Kipande hicho hakijui kwamba kimeibiwa. Kinaendelea kutuma hesabu kwa mwenye nacho wa kwanza. Tulipofungua akaunti ya takwimu ya mama tukakuta kwamba kwa zaidi ya wiki mbili imekuwa ikipokea wageni waliotembelea anwani isiyo yake, yenye kistari. Ilikuwa imeandikwa pale muda wote. Hakuna aliyekuwa ameitazama.

Aliyeifunga hoja hakuwa mimi. Mama alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai, mimi nikivuta ukurasa wa "ofisi yetu Moshi" juu na chini. Palikuwa na picha ya baraza, viti vya mbao, gari limeegeshwa, na nyuma yake mlima. Akatazama mara moja akasema, "Huo mlima umegeuka."

Kwa mtu wa Moshi kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia, kwa sababu tunautazama mlima kutoka kusini. Ukivuka kwenda upande wa Kenya, Loitokitok au Amboseli, Mawenzi inahamia kushoto. Kwenye picha ile Mawenzi ilikuwa kushoto. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima anajua hilo kabla hajajua kusoma, na ndiyo maana nasema mchunguzi wa mbali mwenye kompyuta nzuri hamshindi mwenyeji mwenye macho. Ila hata jicho la mwenyeji lina pa kukosea. Picha inaweza kupinduliwa kama kwenye kioo, na hapo Kibo na Mawenzi hubadilishana nafasi bila mpiga picha kuvuka mpaka. Tukaikuza sehemu ya gari. Namba ya usajili ilisomeka vizuri, haikupinduka, na ilianza na K wakati za kwetu huanza na T. Tukaitafuta picha yenyewe kwa njia ya kutafuta kwa picha, ikajitokeza kwenye tovuti ya nyumba ya wageni upande wa Amboseli, ilikowekwa miaka kadhaa kabla. Nyumba hiyo ya wageni nayo ilikuwa imeibiwa kama sisi.

Njia hii ya kusoma mlima imewahi kufanya kazi nzito kuliko yetu. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wao, na serikali ya Cameroon mwanzoni ikasema ni habari za uongo. Wachunguzi wa BBC Africa Eye walilinganisha mgongo wa milima uliokuwa unaonekana nyuma ya wanajeshi na sura ya ardhi kwenye picha za setilaiti, wakaufikia karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi. Vivuli vya watu barabarani wakavisoma kama saa ya jua, wakabana tarehe kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10. Kwetu pia kivuli kinasema: adhuhuri ya Juni kinaangukia kusini, adhuhuri ya Desemba kinaangukia kaskazini. Mtu akikutumia picha akakwambia ni ya Krismasi Arusha, na unajua kaskazini ni wapi, una pa kuanzia.

Sasa pa kusimama. Kijana mmoja pale ofisini, mwerevu na mwenye uchungu wa kweli, aligundua kwamba ukurasa wa msimamizi wa tovuti ya kistari unafunguka kwa mtu yeyote na unaomba jina na nywila. "Kaka, tujaribu moja tu," akaniambia. "Hawa huweka nywila nyepesi." Nilimkatalia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inafanya kosa kuingia makusudi kwenye mfumo wa kompyuta ambao huna idhini ya kuuingia, na haijaweka msamaha kwa sababu mwenye mfumo ni mwizi. Kwetu ukikuta mlango wa jirani uko wazi unapiga hodi, na usipojibiwa "karibu" unarudi. Kusoma kilichobandikwa ukutani nje ni uchunguzi wa wazi. Kusukuma mlango ni kitu kingine kabisa, hata kama komeo halikufungwa. Mafaili ya nywila zilizovuja nayaweka upande huo huo: kupatikana kwake mtandaoni hakukufanyi uwe na haki ya kuyatumia. Kuangalia kama barua pepe yako mwenyewe imo kwenye uvujaji, kwa huduma kama Have I Been Pwned iliyoanza mwaka 2013, ni sawa. Kuchukua nywila ya mtu kwenye faili hilo na kuijaribu ni udukuzi.

Na kuna kishawishi cha pili, ambacho naona kimeharibu watu zaidi. Ile namba ya WhatsApp, nilipoitafuta, ilitokea kwenye tangazo la zamani la kuuza pikipiki, na tangazo lilikuwa na jina la mtu. Kila aliyekuwa chumbani alitaka jina lile liende kwenye magrupu ya waongoza watalii jioni ile ile. Lakini namba iliyolala muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mwingine. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, lakini watu huazimishana laini, na wengine wamesajiliwa laini wasizozijua. Ndiyo sababu kuna *106# ya kuhakiki namba zilizo chini ya kitambulisho chako. Huyo muuza pikipiki anaweza kuwa baba wa watu asiyejua chochote. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwezi Aprili 2013, watu mtandaoni walikusanya picha za wazi kwa nia njema, wakamtangaza kijana mmoja kuwa ndiye mshambuliaji. Hakuwa yeye. Alikuwa ameshafariki, na familia yake iliyokuwa ikimtafuta ndiyo iliyopokea matusi.

Linganisha na namna mwanzilishi wa soko la dawa za kulevya la Silk Road alivyopatikana. Mwaka 2013 mpelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani, Gary Alford, alikaa na Google akitafuta mtu wa kwanza kabisa kulitaja soko hilo mtandaoni. Akakuta ujumbe wa Januari 2011 wa mtu aliyejiita "altoid", uliolitangaza soko hilo kama vile mwandishi amelikuta tu njiani. Akafuata jina hilo hilo la bandia kwenye mijadala mingine, akakuta ujumbe wa Oktoba 2011 wa kutafuta fundi wa kompyuta, ukiwa na barua pepe yenye jina kamili la Ross Ulbricht. Alford hakulichukua jina lile akalitangaza. Ulikuwa mwanzo. Jina liliwekwa kando ya alama nyingine zilizopatikana na wapelelezi wengine kwa njia nyingine, mpaka tarehe 1 Oktoba 2013 Ulbricht alipokamatwa kwenye maktaba ya San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi na yeye akiwa ameingia kwenye soko kama msimamizi. Vyanzo vya wazi vilimwonyesha Alford pa kuangalia. Vilivyobaki vilitaka mamlaka ya kisheria, ambayo mimi na wewe hatuna.

Kwa hiyo kazi yetu Moshi iliishia kwenye folda, na folda ina taratibu zake. Kwanza unahifadhi, ndipo unaripoti, kwa sababu tovuti ya kitapeli ikishahisi inatafutwa huondoka usiku mmoja na ushahidi unaondoka nayo. Tulipiga picha za skrini za kurasa nzima, anwani ikionekana, na tarehe na saa ya Afrika Mashariki zikiandikwa pembeni. Kurasa zenyewe tuliziwasilisha Wayback Machine ili nakala ikae kwa mtu asiye na upande. Kila faili tukalipatia alama yake ya SHA-256, ile namba ndefu inayobadilika yote ukigusa hata nukta moja ndani ya faili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime jinsi kumbukumbu ya kielektroniki ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na jinsi uzima wake ulivyolindwa. Picha ya skrini iliyopita kwenye magrupu sita ya WhatsApp haina majibu ya maswali hayo. Jina la muuza pikipiki tulilikabidhi polisi likiwa na maelezo ya lilikotoka na sababu za kulitilia shaka, na halikwenda kwingine.

Kuripoti kwenyewe ni kwepesi kuliko watu wanavyodhani. Majibu ya RDAP yaliyoficha jina la mwenye tovuti hayafichi barua pepe ya kupokea malalamiko ya kampuni iliyomsajili. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 wasajili wa majina kama ya .com wanabanwa na mkataba wao na ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, kuchukua hatua wakipelekewa ushahidi wa kutosha wa tovuti ya kuhadaa watu. Nakala ilikwenda TZ-CERT, kitengo cha taifa cha dharura za kompyuta kilicho chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zina mlango wake, 15040, na hapo unatuma ujumbe tu.

Tulipomaliza folda nilimwomba mama tufanye uchunguzi ule ule juu ya kampuni yake mwenyewe, kama ambavyo tapeli angefanya. Nusu saa ilitosha. Kwenye Instagram kulikuwa na picha ya kila kundi linalopanda, siku linayoondoka na mwongozaji aliyeko nalo. Kwenye ukurasa wa bei kulikuwa na ankara ya mfano yenye jina la mhasibu, namba ya akaunti ya benki na saini. Na mama mwenyewe, anayependa kupanda na wageni wake wa zamani, alikuwa ameandika: "Siku saba mlimani, simu nimeiacha nyumbani, tutaonana nikishuka!" Tangu 2022 kuna intaneti huko huko mlimani, lakini mtu akishatangaza kwamba hapatikani, mhasibu hatajaribu kumpigia. Barua pepe moja siku ya pili ya safari, "Tumebadilisha benki, walipe huku", ikiwa na jina la mama na saini ile ile ya kwenye ankara, ingepita. Aliziondoa zile picha akiwa bado amesimama. Siku hizi anaweka picha za kundi likishashuka, na mhasibu hapokei badiliko la akaunti bila kusikia sauti.

Tovuti ya kistari ilizimwa siku ya nne. Ile ya sokwe ilichukua siku tisa. Tulikuwa tumejiandikisha kupata taarifa kila kinapotolewa cheti kipya chenye jina linalofanana na la kampuni, na wiki tatu baadaye, saa kumi na moja alfajiri, taarifa ikaingia: jina la mama, bila kistari safari hii, herufi moja ikiwa imeongezwa mwishoni. Ukurasa ulikuwa bado mtupu. Tukafungua folda mpya, tukapiga picha ya kwanza, tukaandika saa.